Jogoo wa Hawe Nyevu

Msomaji mmoja wa Voi ameniandikia kuniita mwongo. Anasema haiwezekani mtu afungue faili la kesi akute humo mwandiko wake mwenyewe. Ndugu yangu wa Voi, laiti ingekuwa haiwezekani. Ningekuwa nalala usiku kama watu wengine.

Kwa anayenisoma leo kwa mara ya kwanza, nitajieleza upesi. Naitwa Kadzo Menza, mzaliwa wa Junju. Mwaka ule wa themanini na sita nilikuwa mwaka wa tatu wa shahada ya sheria huko Nairobi, na chuo kilikuwa kimenituma Malindi, kwa wakili Ndirangu, nikajifunze kazi kwa vitendo. Tulipewa daftari lenye jalada la kijani. Kila hati utakayoandika, kila siku utakayokaa kortini, wakili wako aitie sahihi. Daftari lisipojaa, mwaka wa nne huuoni.

Mwaka mmoja kabla ya hapo, nikiwa likizoni, nilifanya kosa ambalo ndilo ninaloliungama hapa wiki baada ya wiki.

Nyanya yangu Nyevu, hawe kama tunavyowaita nyanya zetu kwetu, alitaka kuezeka nyumba mabati. Akamuuzia mzee Mwambire, mgema wa jirani, minazi kumi na miwili. Minazi tu. Kwetu mnazi una mwenyewe na ardhi ina mwenyewe. Utagema mnazi wako miaka thelathini katika shamba la mtu, na mwenye shamba atalima mihogo yake chini, na hamtagombana. Wazee huuziana mbele ya mashahidi, wakakata alama ya shoka shinani, yakaisha.

Lakini safari hii nyumbani kulikuwa na wakili! Hawe akataka karatasi. Mashahidi hawakuitwa, wa nini tena? Mwambire alikata alama zake za shoka peke yake.

Nami nilikuwa nimetoka kusoma, kichwa kimenivimba, kwamba kilichoshikamana na ardhi ni ardhi. Nikaona wazee hawa hawajui wanachokifanya, ngoja niwanyooshee. Minazi yenyewe ilikuwa imetawanyika, mmoja kisimani, miwili nyuma ya nyumba, mmoja karibu na kaburi la baba. Kuieleza mmoja mmoja niliona taabu. Nikazungusha mpaka mmoja kwa Kizungu cha kupendeza: shamba lote, toka kisimani hadi barabarani, na vyote vilivyomo. Sikuwasomea. Hawe akatia dole gumba huku anacheka, Mwambire akatia lake, na mimi nikapewa jogoo mwekundu. Ulikuwa ujira wangu wa kwanza katika sheria.

Mwambire sasa ni marehemu. Na faili mliloniacha nimelishika wiki iliyopita lilikuwa la mwanawe, Fondo, aliyekuja kumtoa hawe katika shamba lile.

"Mbona umesimama kama unayetafuta choo?" Ndirangu akaniuliza. "Kaa. Soma hiyo karatasi uniambie unaona nini."

Nikakaa. "Ni mauzo ya shamba, mzee."

"Yamekamilika?"

"Mipaka ipo. Madole yapo. Tarehe ipo."

"Na nini hakipo?"

Nilikijua kisichokuwapo. Kilikuwa kimekaa kwenye kiti mbele yake.

"Jina la aliyeandika," nikasema.

"Ahaa!" Akapiga meza. Alikuwa mtu wa furaha, Ndirangu, na alipenda mwanafunzi akijibu vizuri. "Huyu si wakili, Kadzo. Wakili angetia muhuri wake. Huyu ni mtu aliyesoma sheria robo, akaanza kuwaandikia watu hati. Kama alipewa kitu, hata soda, amevunja sheria ya mawakili. Ningempata ningemfikisha kortini mimi mwenyewe. Na uwakili angeusikia redioni."

"Na kama hakupewa kitu?"

"Basi ni mjinga tu. Ujinga haufungwi."

Akacheka. Mimi nilimkumbuka jogoo. Nilimla kwa wali wa nazi, mapaja yote mawili, na hawe akinisogezea mchuzi.

Fondo akaingia. Alilelewa kwa wajomba zake Rabai, kwa hiyo hakunijua, akanisalimu kama karani. Nilikuwa nimejiandaa kumchukia, lakini hakunipa nafasi.

"Bwana wakili, mimi si mtu wa shari," alisema, kofia magotini. "Yule mama ni mzee, namheshimu. Lakini baba hakuniachia kitu kingine. Karatasi hii niliikuta sandukuni baada ya matanga."

Nikajitia ujasiri. "Marehemu aliwahi kukwambia kwa mdomo wake kwamba amenunua shamba?"

"Sikuwahi kukaa naye tukazungumza, dada. Ndiyo maana naitegemea karatasi."

Alipoondoka, Ndirangu akanisukumia faili. "Andika hati ya madai. Ikiwa safi naipeleka kortini kama ilivyo, na kesi ikiisha, ukurasa wa mwisho wa daftari lako natia sahihi."

Usiniulize kwa nini sikusema pale pale. Nimejiuliza mwenyewe hadi nimechoka. Niliiandika hati ile jioni hiyo chumbani kwangu mtaa wa Shela, hapo hapo Malindi, nikiinuka, nikikaa, nikienda dirishani, nikirudi. Na aibu yangu kubwa ni hii: niliiandika vizuri. Kuna mahali nilifuta neno nikatafuta lililo kali zaidi. Dhidi ya nani? Dhidi ya mwanamke aliyenibeba mgongoni baba alipokufa.

Asubuhi nikampelekea Idah, mpiga chapa wetu, dada mmoja wa kutoka bara asiyependa mchezo. Baada ya muda akaniita.

"Kadzo, njoo hapa."

Alikuwa ameweka hati yangu upande mmoja wa mashine, na ile karatasi ya minazi upande wa pili.

"Mimi kazi yangu ni kusoma miandiko ya watu toka saa mbili mpaka saa kumi na moja," akasema polepole. "Hii na hii ni mkono mmoja."

Nikanyoosha mkono kuichukua hati yangu, akaiwekea kiganja.

"Huyu Nyevu ni nani wako?"

"Mama wa baba."

Idah akashusha pumzi. "Mwambie mzee leo. Mimi nitasema mashine imeharibika. Nitakungoja mpaka saa kumi."

Na kweli, siku nzima alikuwa na kitambaa na mafuta ya cherehani, anasugua mashine isiyokuwa na neno. Mara tatu nilikwenda mlangoni kwa Ndirangu. Mara ya kwanza alikuwa kwenye simu. Mara ya pili alikuwa na mteja. Mara ya tatu alikuwa peke yake, kalamu mkononi, akaniangalia kwa upole.

"Ndiyo, Kadzo?"

"Naomba ruhusa ya Jumamosi, mzee."

"Jumamosi ni yako. Kuna jingine?"

"Hakuna."

Nilipotoka, Idah alinitazama mara moja tu. Akakunja kitambaa, akatia karatasi kwenye mashine, akaanza kupiga.

Jumamosi ile sikwenda Junju kwa hawe. Niliogopa. Nilikwenda ya pili, na kufikia hapo korti ilikuwa imekwisha kutoa samansi. Kwenye feri ya Kilifi nilikwenda mbele na nyuma, mbele na nyuma, mpaka mfanyakazi mmoja akanifokea: "Dada, hata ukitembea vipi, tutafika pamoja!" Watu wakacheka. Nilitamani maji yale yawe mapana mara kumi.

Hawe alikuwa jikoni, anapalia moto.

"Shikamoo, hawe."

"Marahaba, mwanangu! Mungu ndiye aliyekuleta. Mtu wa korti ameleta karatasi, nimeiweka chini ya mtungi nikikungoja wewe. Nani mwingine wa kunisomea?"

Akaitoa imelowa pembeni. Nikasoma maneno yangu mwenyewe, pamoja na lile neno kali.

"Inasemaje?"

"Fondo anadai shamba. Anasema baba yake alilinunua lote, nyumba pia."

Hawe alicheka hadi leso ikamwanguka begani. "Mtoto wa Mwambire! Baba yake alipita hapa mlangoni kila asubuhi kwenda kugema, akapiga hodi. 'Nyevu, napita.' Sasa niambie, mtu hupiga hodi kwenye shamba lake mwenyewe?"

Ulikuwa ushahidi mzuri kuliko wote niliofundishwa chuoni. Sikuweza hata kumsifu.

"Halafu karatasi si ipo?" akaendelea. "Nitamwambia hakimu aisome. Nitamwambia aliyeiandika ni mjukuu wangu, anasomea uwakili, na nilimpa jogoo mwekundu kwa kazi yake. Watu wote wasikie."

"Hawe, habari za jogoo usizitaje."

"Kwa nini?"

"Wakubwa wa chuo hawapendi."

"Hawapendi ule kuku?"

"Hawapendi tupewe kitu kabla hatujamaliza masomo."

Akafikiri. "Basi, jogoo tumwache. Kuna jingine la kuacha?"

Hapo, msomaji wangu, mlango ulikuwa wazi kabisa. Ningesema, "Hawe, karatasi haisemi minazi." Ningesema, "Natoka kwa wakili wa Fondo." Nilikuwa nimetoka Malindi kwa ajili hiyo. Badala yake nikajisikia nikisema:

"Na jina langu pia."

Hawe alifunua sufuria, akakoroga, akafunika.

"Sawa, mwanangu," akasema.

Hakucheka tena mpaka nilipoondoka. Alinisindikiza hadi kwenye mnazi wa kisimani wenye alama ya shoka ya Mwambire, akasimama pale, na nilipogeuka barabarani bado alikuwa amesimama. Hakuniuliza ninafanya kazi kwa nani, na mimi sikumwambia.

Siku ya kesi, korti ya Kilifi, tulifika mapema. Ndirangu alivaa tai mpya. Mimi nilibeba mafaili na daftari langu la kijani, ukurasa mmoja tu haujatiwa sahihi. Fondo alikaa nyuma yetu.

Hawe akaingia peke yake, leso safi, ndala mkononi. Alikuwa ananitafuta. Nilimwona akipitisha macho benchi kwa benchi, huko nyuma walikokaa watu. Kisha macho yakafika mbele, kwenye meza ya wakili wa Fondo, yakanikuta.

Alisimama kidogo. Halafu akavaa ndala zake, akaenda kukaa alikoonyeshwa. Mimi niliinamia daftari nikasoma tarehe.

Fondo alieleza yake kwa dakika chache. Kisha akaitwa hawe, akasema atazungumza Kigiriama. Kiswahili anakisikia vizuri, ila kortini aliogopa kukosea. Karani akainuka. Mkalimani, akasema, amekwenda kuzika Ganze, hatarudi hadi kesho kutwa.

Hakimu akakunja uso. Kesi yenyewe ilikuwa imengoja wiki, na barazani palikuwa pamejaa watu.

"Mheshimiwa," akasema Ndirangu akitabasamu, "mwanafunzi wangu hapa ni mtu wa huku. Itakuwa nafasi nzuri ya kujifunza."

"Simama, binti," akasema hakimu. "Kigiriama unakijua?"

"Nakijua, Mheshimiwa."

"Una undugu au uhusiano wowote na mlalamikaji, au na mama huyu?"

Ndirangu alikuwa ananitazama kwa fahari. Hawe alikuwa ananitazama pia. Swali lile liliulizwa kwa Kiswahili, na alilisikia kama nilivyolisikia mimi.

"Sina, Mheshimiwa," nikasema.

Hivyo ndivyo nilivyomkana nyanya yangu, mchana kweupe, mbele ya watu. Nikaapishwa kwamba nitatafsiri kwa ukweli pasipo kuongeza wala kupunguza. Niliapa kwa sauti nzuri.

Hawe alieleza habari zake bila kutetemeka. Minazi kumi na miwili. Alama za shoka. Mwambire na hodi yake ya asubuhi. Nilitafsiri yote, tena niliyatafsiri vizuri kadiri nilivyoweza, kana kwamba hilo lingenisafisha. Hakimu alikuwa anaandika. Nilianza kuona tumaini dogo. Huenda hodi zile zingetosha, na mimi nisitajwe, na shamba libaki, na daftari lijae.

Ndirangu akainuka.

"Mama, karatasi hii ina dole lako?"

"Dole ni langu."

"Nani aliyeiandika?"

Nikamtafsiria swali. Nilijua analolijua. Jina moja tu, na mimi nimekwisha. Na labda yeye amepona, kwa sababu hakimu angetaka kumsikia huyo mwandishi. Niliona anayapima. Macho yake yalishuka hadi kwenye daftari la kijani, yakapanda hadi usoni mwangu, yakakaa hapo.

"Mwambie simjui," akasema kwa Kigiriama. "Alikuwa mpita njia."

Nilimtazama yeye, si hakimu.

"Mkalimani?" akaita hakimu.

"Anasema hamjui, Mheshimiwa. Anasema alikuwa mpita njia."

Ndirangu akainua mikono kama mtu aliyemaliza kazi. Lakini hawe alikuwa hajamaliza. Akanyanyua kidole.

"Mwambie na hili. Mwandishi simjui, lakini alikuwa mtoto mwenye moyo safi. Hawezi kuandika uongo. Hawa wanaosema karatasi inataja shamba, wanasema tu kwa sababu mimi sikusoma. Naomba isomwe hapa, na mtu anayeijua lugha yetu. Hiyo karatasi ndiyo shahidi wangu."

Niliyatafsiri maneno hayo moja moja.

Hakimu akaweka kalamu. Alikuwa mtu wa haki, na haki yake ndiyo iliyonimaliza.

"Mama amesema kweli," akasema. "Mtu ana haki ya kujua alichokitilia dole. Mkalimani, msomee karatasi yote kwa Kigiriama, neno kwa neno. Kisha umuulize kama hayo ndiyo aliyokubali."

Karani akaileta. Hawe akaisogeza leso nyuma ya sikio, akaegemea mbele, na kwa mara ya kwanza tangu ile siku ya Junju, akanitabasamia.

"Soma, mwanangu," akaninong'oneza kwa lugha yetu. "Soma kwa nguvu, Fondo asikie."

Nikaishika karatasi kwa mikono miwili. Mwandiko ulikuwa mzuri, umenyooka, hakuna hata neno moja lililofutwa.